Kuipima Nakshi ya Mlango wa Mwambao

Ubora wa mlango wa nakshi hutazamwa kwanza kwenye kona, pale mwimo unapokutana na kizingiti cha juu. Fundi aliyegawa ubao kwa bikari na rula kabla ya kushika patasi hufika kwenye kona akiwa na ua zima, au nusu yake kamili. Aliyekisia kwa macho hulibana ua la mwisho au hulipunguza petali, na kosa hilo halifichwi na rangi wala njumu za shaba.

Kipimo hiki hufaa hasa kwa nakshi za Siyu na Lamu. Huko duara hugawanywa mara sita au nane, kisha ncha zikaunganishwa kuwa nyota na mawaridi. Kwa kuwa mkato si wa kina, mstari ndio kila kitu. Penye msokoto, utepe mmoja ufuatwe kwa kidole: katika kazi njema upana wake haubadiliki, na kila ukipita juu ya mwenzake, panapofuata hupita chini yake.

Milango ya Unguja ya karne ya 19 ina uzuri wa namna nyingine. Miimo mara nyingi huanza chini kwa samaki, mimea ikapanda hadi juu, mnyororo ukazunguka ukingo wa nje, na kizingiti kikabeba maandishi ya Kiarabu. Hapa kina ndicho kinachopimwa. Sehemu iliyochimbwa iwe sawasawa kote, na kingo za majani zisimame bila kumeguka. Mashine haiwezi kujificha mahali hapa: jino lake huzunguka, hivyo kona za ndani hubaki na mviringo, ilhali patasi huingia mpaka kwenye ncha. Mkato wa patasi hutofautiana kidogo jani kwa jani, na tofauti hiyo haipunguzi thamani hata kidogo.

Mbao zilizozoeleka ni msaji na mfenesi. Ubao uliochongwa kabla haujakauka hupasuka baadaye, na ufa hukata nakshi katikati.

Umri ni mgumu zaidi kuupima, kwa sababu rangi ya kizee hupakwa kwa siku moja. Uchakavu wa kweli haulingani: nakshi hulainika kimo cha mkono na bega, chini huliwa na maji ya mvua, na juu hubaki kali. Milango mingi ya zamani haina bawaba. Kila ubao huzunguka kwa ncha zake mbili, juu na chini, na matundu ya ncha hizo huwa yamepanuka.

Misafara ya biashara iliifikisha sanaa hii hadi bara. Kwa mtu wa bara ya kati, mfano ulio karibu kuliko wa Unguja uko Kwihara, nje ya mji wa Tabora, kwenye tembe la kumbukumbu ya David Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1872.