Nguli Hupimwa kwa Macho: Namna ya Kumkadiria Kwotabeki Mkongwe

Katika mijadala ya futiboli ya Kimarekani, cheo cha unguli siku hizi hugawiwa kama njugu, kiasi kwamba kwotabeki yeyote, yaani mchezaji anayepokea mpira mwanzoni mwa shambulizi na kuamua uelekezwe wapi, akitimiza miaka kumi katika ligi ya NFL na kurundika maelfu ya yadi, hupata watetezi wa kumweka safu moja na nguli Joe Montana. Makadirio hayo ni ya kivivu, kwa kuwa ukongwe huthibitisha uimara wa mwili na subira ya mwajiri, wala si ubora wa kazi.

Takwimu nazo ni shahidi wa kuhojiwa kwa ukali. Kipimo cha ufanisi wa pasi, ambacho ligi ilianza kukitumia kwa utaratibu wake wa sasa mwaka 1973 na ambacho kikomo chake ni 158.3, hakihesabu mara ambazo kwotabeki huangushwa akiwa bado na mpira mkononi, na huituza pasi iliyofika hata kama haikuleta faida yoyote. Timu hupewa majaribio manne, yaitwayo dauni, ya kusogea yadi 10. Mjanja ambaye timu yake imerudishwa nyuma na sasa anadaiwa yadi 12 katika dauni ya tatu hutoa pasi salama ya yadi 5, timu ikalazimika kuuachia mpira katika dauni ya nne, naye akaandikiwa pasi iliyokamilika. Huo ni udanganyifu unaopigiwa makofi.

Ubingwa pia hautoshi. Kwotabeki Trent Dilfer alishinda Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya Januari 2001 akiwa na Baltimore Ravens, akibebwa na safu kali ya ulinzi, kisha timu hiyohiyo ikaachana naye. Dan Marino, aliyepiga pasi za yadi 5,084 mwaka 1984, enzi ambayo walinzi waliruhusiwa kuwabughudhi wapokeaji kuliko sasa, alistaafu bila taji. Anayemweka Dilfer juu ya Marino asipewe nafasi ya kuendelea na mjadala.

Jambo ambalo mtazamaji mchanga hulikosa daima ni macho ya kwotabeki kabla mpira haujatoka mkononi. Nyuma ya walinzi wengine husimama mlinzi wa mwisho, aitwaye seifti, ambaye husoma uso wa kwotabeki ili ajue akimbilie wapi. Kwa hiyo kwotabeki wa kawaida humtazama mpokeaji wake tangu mwanzo na kumwita seifti bila kujua, ilhali nguli humtuma seifti huyo mahali pasipo na kazi. Katika Super Bowl ya Februari 2022, Los Angeles Rams wakiwa nyuma kwa 20-16 katika robo ya nne, kwotabeki wao Matthew Stafford, mwenye umri wa miaka 34, aliuelekeza uso upande mmoja, akasubiri hadi seifti wa Cincinnati Bengals, Vonn Bell, aanze kuvutwa na macho hayo, kisha akampigia mpokeaji Cooper Kupp pasi ya yadi 22 katikati ya uwanja bila kumtazama. Rams walishinda 23-20. Kamera ya kawaida hufuata mpira, hivyo ni rahisi kumsifu Kupp kwa kuwa peke yake, kana kwamba nafasi ile ilijifungua yenyewe.

Miguu hufuata macho. Kocha Bill Walsh wa San Francisco 49ers aliwafundisha makwotabeki kurudi nyuma kwa hatua zilizopangwa kulingana na njia za wapokeaji, ili mpira utoke mguu unapotua katika hatua ya mwisho. Mafunzo hayo yalimlea Montana. Ni sharti vilevile kwamba nguli acheze vyema kwenye baridi ya Desemba, uwanjani pasipo paa, na asimgombeze mpokeaji hadharani baada ya pasi kuponyoka. Masharti hayo hayahitaji ushahidi.

Kwa vigezo hivyo, hoja ya miaka mingi kuhusu iwapo kwotabeki Joe Flacco ni nguli hujibiwa kwa urahisi. Katika mechi nne za mtoano za msimu wa 2012 alipiga pasi 11 za kufunga bila hata moja kunaswa na wapinzani, akaifikia rekodi ya Montana, akatwaa ubingwa na mkataba wa miaka sita wa dola milioni 120.6. Hata hivyo, pasi yake maarufu ya yadi 70 kwa mpokeaji Jacoby Jones mjini Denver ilifika kwa sababu seifti Rahim Moore alikosea kuukadiria mpira ukiwa hewani, si kwa sababu alikuwa amelaghaiwa kwa macho, na msimu uliofuata pasi 22 za Flacco zilinaswa.

Pasi za Stafford nazo zilinaswa mara 17 katika msimu wake wa ubingwa, lakini makosa yake mengi ni ya fundi anayejaribu kazi ngumu. Kwa hiyo Stafford ni nguli. Flacco ni kwotabeki mzuri aliyepata mwezi mmoja wa kinguli, na mwezi mmoja haumpi mtu cheo cha maisha.