Neno "Makato" na Upungufu Wake katika Hati ya Mshahara

Istilahi ya fedha ina kazi mbili: kutaja kitu, na kukitenga na jirani yake. Neno makato, ambalo ofisini hutumika kwa kila kiasi kinachoondolewa katika mshahara, laifanya kazi ya kwanza barabara, lakini ya pili lashindwa. Upungufu huo si suala la wanaisimu peke yao. Humgharimu mfanyakazi anayetaka kupima kiasi gani akiweke kwa ajili ya uzee na kiasi gani akiweke kwingine.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa serikali, Tanzania Bara, mwenye mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Asilimia 5, yaani shilingi 40,000, huenda katika mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri huongeza asilimia 15. Mchango huo huondolewa kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, pato la shilingi 760,000 linalobaki hutozwa kodi ya shilingi 68,000. Lau mchango usingeondolewa kwanza, kodi ingekuwa shilingi 78,000. Kwa hiyo kuweka shilingi 40,000 kumempunguzia fedha za mkononi shilingi 30,000 tu. Mwalimu huyo akiweka shilingi 40,000 nyingine katika chama cha akiba na mikopo, kodi yake haipungui hata senti, ingawa fedha hizo aweza kuzifikia kabla ya kustaafu. Ziko faida mbili za kupimwa, lakini neno ni moja: makato.

Neno mchango nalo halisaidii sana. Katika fikra za watu, mchango ni hiari ya harusini au msibani, na atoaye husifiwa. Mchango wa uzeeni ni wa lazima kwa sheria. Ndiyo maana mfanyakazi husema "nimekatwa", wala hasemi "nimechangia". Sarufi yenyewe yamfanya mtendwa katika akiba yake mwenyewe.

Utata huzidi tunapofika kwenye punguzo. Nchini Kenya, sheria iliyoanza kutumika Desemba 2024 iliongeza kiwango cha michango ya uzeeni kinachoondolewa katika pato kabla ya kodi, kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Humo humo Kenya, kila mkazi alipaye kodi hupunguziwa shilingi 2,400 kwa mwezi katika kodi yenyewe. Mfasiri akiviita vyote viwili "punguzo la kodi", amepotosha hesabu. Kwa mtu aliye katika daraja la asilimia 30, mchango wa shilingi 3,000 ulio ndani ya kiwango hupunguza kodi kwa shilingi 900. Ilhali zile 2,400 hupunguza kodi kwa 2,400 kamili. Wengine huandika "msamaha wa kodi", na kosa huwa kubwa zaidi, kwani kilichosamehewa hakitozwi kabisa.

Yafaa basi tutenge hivi: makato kabla ya kodi na makato baada ya kodi katika hati ya mshahara, punguzo la pato kwa kinachoondolewa katika pato, punguzo la kodi kwa kinachoondolewa katika kodi, na msamaha ubaki kwa pato lisilotozwa. Hapa hakuna neno jipya hata moja. Kinachotakiwa ni nidhamu ya kulitumia kila neno mahali pake.

Huenda ikasemwa kwamba umma hauna haja ya tofauti hizo nyembamba. Mjadala wa mafao uliozuka Tanzania mwaka 2018 wakanusha hoja hiyo: neno kikokotoo lilienea vinywani mwa wafanyakazi wa kila kada, kwa sababu lilitaja jambo lililogusa riziki yao. Watu hawazikimbii istilahi ngumu. Wanazozikimbia ni zile zisizowaonyesha fedha zao zimekwenda wapi.