Mvunaji Asiyeulizwa: No Man's Sky Mbele ya Mhakiki

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba mchezo wa kompyuta si fasihi, na hivyo mhakiki hana lake hapo. Sitabishana nao sana. Fasihi simulizi nayo iliambiwa hivyo hivyo na waliodhani kwamba fasihi lazima iandikwe. Makala haya yanakusudia kuangalia jambo moja tu katika No Man's Sky, mchezo uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Hello Games ya Guildford, Uingereza: kile kitendo cha kuzunguka juu ya uso wa sayari na kuvuna mali yake. Hoja yangu ni kwamba watunzi wake wanaijua kazi ya mikono kuliko waandishi wetu wengi, ila wameinyima kazi hiyo jamii. Kwa sababu hiyo, kadiri unavyovuna ndivyo uvunaji unavyopungua maana.

Tuanze na sifa, maana zipo. Mhusika anazinduka katika sayari asiyoijua. Chombo chake cha kuruka kimeharibika, vazi lake linaishiwa nguvu, na hali ya hewa ya pale, iwe joto, baridi au sumu, inamla taratibu. Hana jina wala ukoo. Anacho kifaa kimoja mkononi kinachotoa mwali. Akiupiga mwali ule kwenye mmea anapata kaboni, akiupiga kwenye jiwe anapata vumbi la madini ya chuma. Liko ua la njano lenye sodiamu na jekundu lenye oksijeni. Mwanzoni huyajui, lakini baada ya saa moja unalitambua la njano kwa mbali, kama mtoto wa delta anavyotofautisha mkoko na mkandaa. Katika riwaya zetu nyingi kazi hutajwa tu: alilima mpaka jioni, basi, tunahamia kwenye mapenzi. Hapa kazi yenyewe ndiyo msuko. Kwa hili nawavulia kofia.

Sayari zenyewe ni zaidi ya 18,000,000,000,000,000,000. Hakuna aliyekaa akazichora moja moja. Kanuni za hesabu ndizo zinazozizalisha. Wengi hushangazwa na idadi hiyo. Mimi naona ni jambo la fanani wa ngano, ambaye naye ana vipande na kanuni za kuviunga. Tofauti ni kwamba fanani anaiona hadhira yake, ikianza kusinzia anageuza hadithi.

Sasa nije kwenye kasoro. Likizo niliupeleka mchezo huu kwetu Mbwara, nikamwonyesha mjomba wangu ambaye ujanani alikuwa akishuka delta ya Rufiji kukata miti ya mikoko. Alinitazama nikivuna, kimya, kisha akasema, "Hapo unakata tu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Nani kakwambia ukate?"

Nikakosa jibu. Swali lile ni la uhakiki kuliko mengi niliyoyasikia katika semina zetu. Delta ile iliwekwa chini ya hifadhi ya misitu tangu 1898, enzi za Wajerumani, na mwaka 1987 serikali yetu ilisimamisha ukataji wa mikoko. Lakini hata ukiiweka serikali pembeni, kuna maji yanayoamua ngalawa iingie lini kwenye mto na itoke lini. Tena mti haukatwi kwa kuwa ni mti. Kuna fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Kila jina hapo lina nyumba nyuma yake, na mtu anayeisubiri. Katika mchezo, mti wowote ukipigwa mwali hupasuka ukawa tarakimu: kaboni kadhaa. Neno moja kwa misitu yote ya mbingu!

Halafu kuna hili la ugunduzi. Ukiupima mmea, mchezo unakutangaza mgunduzi, unakulipa, unakupa na haki ya kuupa jina. Lakini palepale, juu ya sayari ileile, utakuta kituo kina Gek au Korvax amekaa kwenye meza yake ya biashara, ana lugha yake ambayo wewe unajifunza neno moja moja. Mbona yeye hakugundua? Sisi wa Afrika Mashariki habari hizi si ngeni. Ziwa letu kubwa bado lina jina la malkia wa Uingereza.

Watetezi watanitajia wale walinzi, mashine zinazoelea, ambazo zikikuona unavuna zinaweza kukushambulia. Nami nilidhani huo ndio upinzani wa sayari. Lakini mlinzi yule hakuulizi una shida gani, na ukijificha kwa muda anasahau. Mimea nayo, ukirudi siku nyingine, imesharudi. Rafiki yangu wa bwenini anasema raha yenyewe ndiyo hiyo, nchi usiyoweza kuiharibu. Namkubalia nusu. Ni raha kweli, nami nimepoteza usiku mwingi humo. Ila kitendo kisichoacha kovu hakiwezi kubeba dhamira, na baada ya sayari ya kumi nilijikuta navuna ili nipate mkoba mkubwa wa kuvunia zaidi.

Mwaka 2018 watunzi walipanua mchezo ili watu wakutane humo na kuvuna pamoja. Nimejaribu. Tulikuwa wanne, kila mmoja na mkoba wake, na hakuna aliyemdai mwenzake kitu.

Mjomba aliomba naye ajaribu. Hakuvuna. Alitembea mpaka ufukweni mwa sayari ile, akasimama, akaniuliza maji yanakupwa saa ngapi. Kwa muda wote niliokaa na bahari ile sikuiona ikikupwa, nami nikamwambia hivyo. Akanirudishia kompyuta yangu.