Istilahi za Uvuvi na Madaraka katika Kanuni za Kikoloni, Bukoba na Muleba

Mwaka 1933 serikali za kikoloni zilizolizunguka Ziwa Viktoria zilikataza nyavu za makila zenye macho yaliyopungua inchi 5. Zilifuata ushauri wa Michael Graham, aliyelichunguza ziwa miaka ya 1927 na 1928 akahofia kupungua kwa ngege. Mfasiri aandikapo “jicho la inchi 5” tu, hajasema kitu. Kipimo hicho ni cha fundo hadi fundo la mkabala, jicho likiwa limevutwa. Mvuvi wa Bukoba akipimiwa upande mmoja wa jicho hupata inchi 2 na nusu, na wavu wake halali ukahesabiwa kuwa haramu! Iandikwe, basi, “jicho lililovutwa”, hata kama sentensi itarefuka.

Kwa upande wa madaraka upotoshaji ni mkubwa zaidi. Tumezoea kusoma kwamba Mukama wa Ihangiro, iliyo katika Muleba ya leo, “aliteuliwa” na serikali, mithili ya tarishi. Kiti kilikuwa cha ukoo. Chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 serikali ilimtambua aliyekikalia, nayo iliweza kumwondoa. “Kuchaguliwa” ndiko kubaya kupita yote, kwani msomaji hudhani palipigwa kura. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na kijana wa leo hana ushahidi wa macho wa kusahihishia maneno haya. Kwa Mukama napendekeza “kutambuliwa”. “Kuteuliwa” wabakie nako makarani.