Pedali za dijitali: tuulize pia mwaka wa kumi

Wapiga gitare wetu wamehama bila matangazo. Zamani mtu alikuwa na ampli, kamba, na pedali moja ao mbili. Leo, siku ya yenga kanisani ao siku ya posho kwenye arusi, mnaona sanduku moja chini ya mguu wake: kioo kidogo, taa za rangi, na sauti zaidi ya mia ndani. Ukitaka sauti ya ampli kubwa ya Uingereza, iko. Ukitaka mwangwi kama wa pangoni, iko. Na sanduku lote linaingia ndani ya sakoshi, unapanda nalo moto.

Mimi ni mtu wa agronomia, lakini gitare ninaipenda, na minasema wazi: dijitali imetusaidia sana. Kusafirisha ampli ya lampi kwenye barabara zetu ni kuiua. Shida yangu iko na namna tunavyozisifia hizi mashini. Video karibu zote za kusifia zinafanywa wiki ambayo mashini inatoka. Mtu anafungua karto, anapiga akordi tatu, anasema "sauti ni nzuri sana", basi. Sisi huku tunakutana na mashini ile ile miaka minane ao kumi nyuma, ikiwa okazioni, imetoka Ulaya ao Dubai, mara nyingi bila karto wala kitabu. Kwa hiyo critique ambayo inatufaa sisi inapaswa kuanza pale video zinaishia: kampuni ikishaacha kuitunza, mashini inabaki na nini?

Tuangalie kwanza tofauti ya ndani. Pedali ya zamani, sauti yake iko kwenye vipande: transista, rezistansi, kondensata. Boss DS-1 ilitoka 1978 na mpaka leo inauzwa. Ikikufa, fundi wa radio mwenye fer à souder anaweza kuifungua, kufuata njia ya umeme kwa macho, na kubadilisha kipande cha bei kidogo. Katika mashini ya kisasa ya dijitali, sauti ni programu. Chipu inahesabu, na hesabu zenyewe zimeandikwa ndani ya memoria. Programu ikiharibika, fundi hana kitu cha kushika. Anahitaji faili ya kampuni, kompyuta ambayo inakubali faili ile, na mara nyingine compte kwenye intaneti.

Lakini msifikiri kila kitu cha dijitali ni cha kufa haraka. Boss DD-2, pedali ndogo ya mwangwi, ilitoka 1983 na ni dijitali. Ile ambayo haijavunjika ingali inafanya kazi, juu haiulizi mtu kitu: unachomeka, unazungusha vifungo vinne, unapiga. Line 6 POD ya 1998, ile nyekundu yenye umbo la figo, nayo ina vifungo vya kweli vya kuchagua ampli na kupima sauti. Hata kama haujawahi kuona kompyuta, unaitumia. Ndiyo maana minasema dijitali haina kosa. Kosa linaanza pale mashini inapofungwa kamba kwenye kitu kingine ambacho kina maisha mafupi kuliko yake.

Mfano mzuri ni DigiTech iStomp ya 2012. Wazo lilikuwa tamu: pedali moja tupu, unaijaza sauti unayotaka kutoka kwenye iPhone ao iPad, kwa kamba maalum. Leo ni mwangwi, kesho ni distorsion. Kamba ile ilikuwa ya mdomo mpana wa zamani wa Apple. Mwaka ule ule, mwezi wa 9, Apple ikatoa iPhone 5 na mdomo mupya, mdogo. Kisha 2017, Apple ikatoa iOS 11, ambayo ilikataa programu zote za zamani za biti 32. Fikirini mtu anaipata pedali hii leo sokoni, bila kamba, bila simu ya wakati ule. Inapiga, ndiyo. Lakini inapiga sauti ile moja ambayo mwenye wa mbele aliiacha ndani. Kama aliacha kitu cha ajabu ajabu, basi umenunua hicho. Pedali haikuharibika hata kidogo. Kilichokufa ni jirani yake.

Mfano wa pili ni wa bei kubwa zaidi. Gibson walitangaza gitare ya Firebird X mwaka 2010, ikiwa na elektroniki na sauti za efekti ndani ya mbao yenyewe. Bei ilipita dola 5,000. Wapiga gitare hawakuipenda. Mwaka 2018 kampuni ikaomba ulinzi wa korti kwa sababu ya madeni, na 2019 watu wakaona video ya katapila ikipita juu ya mamia ya gitare hizo. Kampuni ilijibu kwamba zilikuwa haziwezi kuokolewa tena. Mimi katika video ile naona jambo moja: mbao, ambayo inaweza kuishi miaka 60, ilifungiwa ndani elektroniki ambayo mtu hawezi kuitoa kwa urahisi. Gitare ya kawaida ikikufa maikro, unaweka ingine. Mti haupaswi kufa pamoja na chipu.

Tuwe wa haki. Kuna kampuni ambazo zimetunza watu wao vizuri. Kemper Profiler ilianza kuuzwa karibu 2012, na kwa zaidi ya miaka kumi wenye nayo walipata masasisho, yale mafundi wetu wanaita mise à jour, bila kulipa. Line 6 Helix ilitoka 2015, na bado 2024 ilikuwa inapata sauti mpya bure. Hayo ni matunzo ya kweli na nayasifu. Lakini 2025 Line 6 wametangaza mrithi wake, Helix Stadium, na ndivyo ilivyo: siku moja macho ya wahandisi yanahamia kwa mtoto mupya. Siku ile, Helix nyingi zitauzwa okazioni, na sehemu yake itashuka kwetu. Habari njema ni kwamba Helix ina kioo na vifungo vyake. Unaweza kutengeneza sauti bila kompyuta. Kwangu mimi hiyo ina uzito kuliko sauti mia mpya.

Sisi wa kilimo tunajua hadithi hii kwa jina lingine. Mbegu ya hybride inatoa mavuno mengi mwaka wa kwanza. Ukitunza mbegu zake na kupanda tena, mimea inatoka mchanganyiko, mikubwa na midogo, mavuno yanashuka. Hatumwambii mukulima "usipande hybride". Tunamwambia: "Ujue kwamba kila msimu utarudi kwa mwenye duka, na kama barabara inakatika, ufikirie shamba lako litapandwa nini." Na mpiga gitare anastahili ushauri wa namna ile ile kabla hajatoa franga.

Juu franga zenyewe si za mtu mmoja. Kwetu huku mashini ya namna hii mara nyingi inanunuliwa kwa mchango: mamans wanatoa, vijana wanauza beignets, miezi inapita. Ninajua groupe moja ambayo ilipata sanduku zuri, halafu wakakuta sauti walizozitaka zilikuwa zimenunuliwa juu ya compte ya mwenye wa kwanza, mtu asiyejulikana, bara lingine. Sanduku liko pale, linawaka. Yule kijana wa gitare alijifunza kupiga na sauti tatu zilizobaki, na anapiga vizuri, lakini mamans walilipia zaidi ya hizo tatu.

Basi kabla ya kununua, naomba tuulize maswali haya, pale pale sokoni. Kwanza: nikikata intaneti na simu, mashini hii inafanya nini? Mwambie muuzaji azime simu yake, muone. Pili: programu yake ya kompyuta inakubali kompyuta ipi? Kumbukeni Apple waliacha programu za biti 32 kwenye kompyuta zao 2019 na macOS Catalina, na Windows 10 imeachwa rasmi na Microsoft tarehe 14/10/2025. Kompyuta ya zamani ambayo bado inafungua programu ile ni sehemu ya pedali yako, uitunze. Tatu: sauti zilizonunuliwa zinafuata mashini ao zinafuata mtu? Nne: faili ya mise à jour ya mwisho iko wapi? Ipakue leo na uiweke kwenye flash, juu kesho ukurasa unaweza kufungwa. Na tano: kuna pile ndogo ya lithium ndani? Mashini nyingi za miaka ya 80 na 90 zinatunza sauti kwa pile hiyo. Ikiisha, kila kitu ulichoandika kinafutika. Uandike vipimo vyako kwenye karatasi.

Kuna pia njia ingine ambayo vijana wetu wa informatique wangeifuata. Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson ni programu ya wazi: msimbo wake unasomwa na kila mtu, na mwenye ujuzi anaweza kuutengeneza hata kama aliyeuanza amechoka. Inahitaji kompyuta yenye nguvu kiasi, siwadanganyi. Lakini hakuna kampuni ambayo ikifunga mlango, sauti yako inakufa nayo.

Na sisi Wakongomani hatuna sababu ya kuogopa kufungua vitu. Konono N°1 wa Kinshasa walisikika dunia nzima na likembe zenye maikro walizotengeneza wenyewe, kwa sumaku za magari yaliyokufa. Kile walichokijenga, waliweza pia kukitengeneza. Nataka tupime mashini za leo kwa kipimo hicho: mtu wa hapa anaweza kuifungua, kuielewa, na kuirudisha kazini? Kama jibu ni hapana, bei ishuke. Muuzaji akikataa kushusha, mwambieni awaonyeshe DS-1.