Taarifa ya mtu mwenye silaha: polisi wapimwe kwa lipi?

Simu inapoingia kituoni Kilosa au Mikumi, "Afande, huku kuna mtu ana silaha," kauli hiyo peke yake haijasema mengi. Mfugaji hutembea na sime kiunoni, mkulima hutoka shamba na panga, na askari wa Hifadhi ya Mikumi hubeba bunduki kihalali. Kwa hiyo kazi ya polisi ianze kupimwa kwa maswali ya aliyepokea simu. Ni silaha gani? Iko mkononi au kiunoni? Amemtishia nani? Mtoa taarifa ameona mwenyewe au kasimuliwa?

Hapo kuna makosa ya aina mbili. La kwanza ni kudharau taarifa. Tarehe 8 Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa na wafugaji katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Kilosa, kutokana na mgogoro wa ardhi na mifugo. Ugomvi wa namna hiyo haulipuki siku moja. Huanza na mazao kuliwa na ng'ombe kukamatwa. Mkaguzi makini ataanzia siku hizo: nani aliarifiwa, na nguvu ya ziada iliombwa lini?

La pili ni kuamua kabla ya kuhakiki. Tarehe 14 Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, na dereva teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam. Umma ukaambiwa ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Tume ya Jaji Musa Kipenka ikabaini hawakuwa majambazi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimhukumu ofisa wa polisi Christopher Bageni adhabu ya kifo kwa mauaji hayo. Ofisa mwenzake aliyeshtakiwa, Abdallah Zombe, aliachiwa huru.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto zinataka askari ajitambulishe na kuonya kabla ya kufyatua, isipokuwa onyo litahatarisha maisha, kisha aliyejeruhiwa atibiwe na tukio liandikiwe ripoti. Palipodaiwa majibizano, ripoti ionyeshe maganda ya risasi za pande zote mbili, silaha iliyokamatwa, na kile daktari alichokuta mwilini.

Askari aliyefyatua kwa haki hulindwa na ushahidi huo huo, mradi uaminike. Kwa hiyo uchunguzi wa kila kifo usiachiwe kituo kilichohusika.