Cecil Beaton: Pambo na Uso

Husemwa kwamba kamera haisemi uongo. Neno hili ni nusu ya kweli, kwa kuwa kamera huona kile tu ilichowekewa mbele yake. Cecil Beaton, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1904 na kufariki mwaka 1980, aliijua sana siri hii. Alikuwa mpiga picha wa watu wakubwa, tena mbunifu wa mavazi na mapambo ya michezo ya kuigiza.

Kwake kazi hizi mbili zilikuwa moja. Mabibi aliowapiga picha aliwazungushia maua, vioo na karatasi zing'aazo, kana kwamba kila mmoja yu jukwaani. Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa mwaka 1953, Beaton alimpiga picha katika jumba la Buckingham, lakini nyuma yake twaona kanisa la Westminster Abbey. Kanisa hilo ni pazia lililochorwa. Je, tumlaumu? La. Taji na joho havikusudiwi kumwonyesha mtu alivyo, bali cheo alichobeba. Vivyo hivyo katika filamu ya My Fair Lady ya mwaka 1964, iliyompatia tuzo mbili za Oscar: muuza maua anapopanda daraja, nguo ndizo zinazotangulia kutuambia.

Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mara nyingi twakumbuka maua ya Beaton tukausahau uso. Tena pambo laweza kuficha ubaya: mwaka 1938 alitia maneno madogo ya kuwatukana Wayahudi ndani ya mchoro wake katika gazeti la Vogue la Marekani, akafukuzwa kazi.

Mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yaliiangukia Uingereza. Beaton akampiga picha mtoto wa miaka mitatu hospitalini, kichwa kimefungwa bendeji, macho yakitutazama moja kwa moja. Hapana ua wala pazia. Picha ilitokea juu ya jalada la gazeti la Life huko Marekani, nchi ambayo ilikuwa bado haijaingia vitani, nayo haikuhitaji maelezo mengi.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi yake bora. Fundi wa kupamba husifiwa kwa wingi wa mapambo yake. Bali ukubwa wake hupimwa siku anapojua kuyaweka kando.